Kigoda Nilichopeleka Pipeline

Jumapili moja, mwanangu Mutua akiwa ndio kwanza amemaliza kidato cha nne, wazee wa kanisa letu waliniita baada ya ibada wakaniuliza kama ningekubali kulileta gita lake lichomwe, pamoja na kanda na mabango ya vijana wengine. Wakati huo nilikuwa shemasi. Nilisema ndiyo. Hakuna aliyenilazimisha. Mzee mmoja hata aliniambia kwamba kama jambo hili ni gumu kwangu, nilifikirie mpaka Jumapili ijayo, nami nikamjibu kwamba hakuna cha kufikiria. Nilirudi nyumbani, nikalitoa gita nyuma ya mlango wa karakana, nikalibeba begani mwenyewe.

Gita hilo Mutua alikuwa amelichonga kwa mti wa jakaranda, katika karakana yangu, kwa tezo langu. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kulishika tezo ili lisimkate goti. Nyuzi na nyaya alizitafuta Gikomba kwenye vitu vya mitumba. Alipiga nalo muziki wa watu wanaonguruma, ule unaoitwa death metal, na nyumba nzima ilitetemeka, lakini mbao zilikuwa zimeungana vizuri kiasi kwamba hukuona kiungo. Siku ya moto alisimama kwenye ua wa kanisa, mikono mfukoni, asiseme neno. Jakaranda ilikuwa imekauka. Iliwaka upesi. Wiki iliyofuata Mutua alikwenda Nairobi, na tangu hapo hakuja tena nyumbani.

Wengi wenu hapa Wamunyu mmeniuliza nilikwenda kufanya nini Nairobi juzijuzi, na kama ni kweli mtu wa umri wangu aliingia katika ukumbi wa makelele. Ni kweli. Nitawasimulia safari hiyo kwa mpangilio, tangu kuondoka hadi kurudi, ili msiendelee kuisikia kwa vipande.

Safari ilianzia barazani kwangu. Binti yangu Mwikali, ambaye hunitembelea kutoka Machakos, aliniambia kwamba ndugu yake anatoa kaseti mpya. Bendi yao inaitwa Uboho, na kaseti yenyewe wameiita Moto wa Jumapili. Alipotamka jina hilo hakunitazama usoni. Nikamwambia aiweke kwenye simu nisikie. Ilianza kama mawe yanayomwagwa kutoka kwenye lori, kisha sauti ikatoka mle ndani, nzito, isiyo na maneno ninayoyajua. Nyimbo zilikuwa fupi mno. Mmoja uliisha kabla sijakaa vizuri, nikadhani simu imeharibika. Mwikali akasema hivyo ndivyo ulivyo, ni wa aina ya grindcore, ambayo hupigwa kwa kasi na haraka kama mtu anayetema kitu kichungu.

Kisha ukaja wimbo wa mwisho. Kabla ya gita kuingia nilisikia sauti nyingine kabisa: khrr, khrr, kimya kidogo, khrr. Nikamwambia Mwikali airudishe. Akairudisha. Ilikuwa sauti ya msasa juu ya mti. Na hakuwa mtu yeyote tu anayesugua. Mkono ulikuwa unakwenda mara mbili, unatua, unarudi, kama ninavyosugua mimi na kama nilivyomfundisha Mutua, kwa sababu ukisugua bila kutua unapoteza uso wa mti. Mwikali akasema wimbo huo unaitwa Msasa.

Nilimwambia nataka kwenda. Akaniambia kaseti inazinduliwa Jumamosi huko Huruma, na kwamba angempigia Ndanu, mke wa Mutua. Ndipo nikauliza habari za mtoto wao, maana nilisikia kwa watu kwamba wana mvulana. Mwikali akasema kijana hajambo, anakua. Nilimuuliza kama wanamwita Nzioka kwa ukamilifu au wamelifupisha. Akasema, "Baba, utamwona mwenyewe."

Sikuishika ile kauli. Kwetu mvulana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na hata watoto waliogombana na wazee wao hufanya hivyo, kwa sababu jina si zawadi ya mtu mmoja kwa mwingine, ni njia ya ukoo. Kwa hiyo siku zilizobaki kabla ya safari niliingia karakanani nikachonga kigoda kidogo cha miguu mitatu, cha mti mmoja bila kiungo, kiti cha heshima kama vile wazee wetu walivyokalia, ila kwa kimo cha mtoto. Sikukipaka rangi ya viatu, kama tunavyofanya kwa vile vya watalii ili mti mweupe uonekane mpingo. Nilikiacha na rangi yake. Na chini yake, mahali ambapo mtu huona akikigeuza, nilichonga herufi sita: NZIOKA.

Ijumaa alfajiri nilipanda gari la Kyalo, jirani yangu, ambaye hupeleka vinyago kwenye maduka ya mjini. Nyuma kulikuwa na twiga na vifaru vilivyofungwa kwa magazeti, na mimi nikakaa mbele na gunia langu magotini. Gari la Kyalo ni kuukuu na bado lina kinasa cha kaseti. Kwa miaka mingi kanda moja ya kwaya imekwama ndani yake, hivyo mtu akisafiri na Kyalo lazima aisikie kwaya hiyo hadi mwisho na kisha tena.

Tulipopita Masii aliniuliza naenda wapi hasa. Nilipomweleza alicheka hadi akapunguza mwendo.

"Shemasi mzima," akasema, "unakwenda kusikia vijana wakibweka?"

"Mmoja wao ni wangu."

"Basi mpelekee mfupa."

Nilicheka pia, lakini kicheko hakikufika mbali. Kyalo alikuwapo siku ile ya moto. Alikuwa kijana, na ndiye aliyeleta mafuta ya taa. Tulipofika Mlolongo, malori yakiwa yamepanga foleni, aliniambia bila kugeuka kwamba mti ule haukuhitaji mafuta. Hakulitaja tena.

Saa nne hivi alinishusha Pipeline, akaniambia atanichukua Jumapili mchana mahali hapohapo. Yeyote ambaye hajafika Pipeline afikirie ghorofa zilizosimama karibukaribu hivi kwamba mtu wa upande huu anaweza kumpa chumvi wa upande ule bila kutoka nyumbani. Jua halifiki chini. Juu, kati ya nyumba na nyumba, ni kamba za nguo tu, na maji ya nguo hudondoka kichwani kama mvua ndogo. Watu wanapandisha madumu ya maji ngazi kwa ngazi. Nilipanda nikipumzika kila ghorofa. Wapangaji walinipita wakinisalimia vizuri, na msichana mmoja alinipokonya gunia akanibebea hadi mlangoni bila kunijua.

Ndanu alinifungulia. Ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, wa huku kwetu Mwala. Alinipa mkono kwa mikono miwili, akaniita baba, akanikalisha kwenye kochi, akaniletea chai na mkate. Akaniambia Mutua yuko kazini, anafunga makabati ya jikoni katika nyumba mpya huko Syokimau. Nilifurahi kusikia kwamba hakuuacha mti. Ukutani kulikuwa na magodoro yaliyosimamishwa, na Ndanu akanieleza kwamba chumbani ndimo walimorekodia kaseti. Mutua alikuwa akiimba ndani ya kabati la nguo, blanketi kichwani, ili wapangaji wasidhani anauawa. Katika wimbo mmoja muuza maji alipita nje akiita, sauti yake ikaingia, nao wakaiacha. Alisema hayo akitabasamu, kama mtu anayesimulia habari za mtoto mtundu.

Kisha akageukia chumbani. "Wafula, kuja usalimie babu."

Akatoka mvulana wa miaka mitatu au minne, bila viatu, ana paji la uso la Mutua, yaani langu. Alinitazama juu hadi chini.

"Huyu si babu," akamwambia mama yake. "Babu anakaa chini."

Nilikuwa nimeshaingiza mkono katika gunia na kigoda nilikuwa nimekishika mguu. Nikakiachia. Nikatoa ndizi nilizokuwa nimebeba, nikampa. Ndanu alikuwa amesimama na birika mkononi, naye ndiye niliyemwonea huruma, maana hakujua atazame wapi. Nikamwambia chai ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli.

Alasiri Ndanu alinipeleka ghorofa ya chini yake, kwa babu. Nilidhani ningekataa kwenda, lakini miguu ilikwenda. Mzee Wafula, jirani yao huyo, ni mtu wa magharibi, wa Bungoma, aliyefanya kazi reli maisha yake yote na kustaafu akiwa karani wa mizigo. Ni mfupi kuliko mimi, amevaa sweta hata kukiwa na joto, na miwani imefungwa kwa uzi. Alisimama aliponiona, akanishika mkono, asiuachie upesi.

"Karibu, Mzee Nzioka," akasema. "Nimekungoja siku nyingi. Keti, lakini tafadhali usiguse hiyo meza."

Mezani kulikuwa na redio kubwa ya zamani yenye matundu mawili ya kaseti, na kando yake kaseti tupu zimepangwa kama matofali. Mzee Wafula ndiye aliyekuwa akizinakili. Alinieleza kazi yenyewe: kaseti haina njia ya mkato. Ukitaka iwe safi, unaiweka upande mmoja, tupu upande mwingine, na unaicheza hadi mwisho, na lazima mtu asikilize, kwa sababu utepe ukikwaruza katikati aliyeinunua atasikia. Vijana wanakwenda kazini. Yeye ana muda. Kwa hiyo tangu mwezi uliotangulia alikuwa ameisikia Moto wa Jumapili kila siku, kaseti baada ya kaseti, na kwenye kila moja aliandika majina ya nyimbo kwa mwandiko ule wa reli, herufi zimelala upande mmoja.

Nilimuuliza kama anaupenda muziki huo. Alifikiri.

"Mwanzoni niliona ni kelele," akasema. "Sasa nikisikia mahali anapovuta pumzi, najua amelala vizuri au vibaya siku hiyo."

Kaseti iliyokuwa ikizunguka ilifika kwenye Msasa. Ilipoisha aliitoa, akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akaiweka kwenye ganda lake. Kisha akaniambia jambo lenyewe bila kuzunguka. Siku walipokwenda nyumbani kwa kina Ndanu kupeleka mbuzi wa ntheo, ambao bila wao mke kwetu si mke, Mutua alihitaji baba wa kusimama naye. Nilikumbuka kwamba nilipelekewa habari. Nilijibu kwamba aje kwanza kanisani aombe msamaha mbele ya watu, kisha nitakwenda. Mzee Wafula, ambaye hajui Kikamba, alikwenda Mwala na mbuzi hao, akasimama mbele ya wazee wetu kama baba wa Mutua, na wazee wakamcheka matamshi yake na kumpokea. Mtoto alipozaliwa, Mutua alimletea jina, mtoto aitwe Wafula.

"Nililikataa," Mzee Wafula akasema. "Nikamwambia, heshima hii ni ya mwenyewe, mpelekee. Nikalikataa mara ya pili. Akasema mwenyewe hakuja."

Nilitaka kumchukia mzee yule. Ingenisaidia. Lakini alikuwa ameninyooshea kaseti tupu na kunionyesha jinsi ya kuifungua ile karatasi ya plastiki bila kukwangua, na tukawa tumekaa hivyo, mimi nafungua, yeye anaweka, hadi taa za ngazi zilipowashwa.

Jioni Mutua alirudi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Amekuwa mtu mzima. Alisimama mlangoni.

"Baba."

"Mutua."

"Umefika salama?"

"Nimefika."

Akasema ni vizuri, akaenda kuoga. Tulikula ugali na mboga, tukazungumza juu ya mvua ya Wamunyu na bei za mbao. Alinitandikia kochi yeye mwenyewe na akanipa mto wake. Kuhusu gita hakusema, nami nilikuwa nimejiandaa njia nzima na sikusema. Gunia lilikuwa nyuma ya kochi na kigoda ndani yake.

Jumamosi mchana tulikwenda Huruma. Ukumbi wao ni chumba kirefu juu ya karakana ya wachomeleaji wa mageti. Wamekichagua kwa akili, maana chini wanagonga vyuma kutwa na juu wanagonga ngoma, hivyo hakuna wa kumlalamikia mwenzake. Mlangoni kulikuwa na meza ya kaseti mpya, na nyuma ya meza msichana aitwaye Achieng, nywele upande mmoja zimenyolewa, ambaye hupiga ngoma katika bendi ya Uboho na pia ana bendi yake na binamu yake. Alijua mimi ni nani kabla sijasema.

"Niaje, mzee. Wewe ndio ule babake Mutua?"

Nikakiri.

"Si uko na roho," akasema. "Ningekuwa wewe ningekam na helmeti."

Alinifafanulia kaseti tatu zilizotolewa siku hiyo, kwa subira kubwa, kama muuza dawa. Ya kwanza ni ya kwao, bendi iitwayo Kinu, wawili tu, ngoma na gita. Nyimbo zao ni fupi kuliko za Mutua, na zinahusu mambo kama mwenye nyumba anayekata stima, na mtu anayetwanga mlango wa choo cha pamoja asubuhi. Ya pili ni ya vijana watatu wa Majengo wanaoitwa Rukwama. Hao ni death metal hasa, wazito, wa polepole, kwa sababu wawili kati yao husukuma mikokoteni sokoni, na Achieng akaniambia nisikilize nitasikia gurudumu. Ya tatu ndiyo Moto wa Jumapili. Nikamuuliza kwa nini kaseti, na watu wana simu.

"Simu inakupea yote mara moja unasahau," akasema. "Hii lazima ukae nayo, mzee. Huwezi ruka."

Walianza Kinu. Sitawadanganya, niliziba masikio. Kisha nikayazibua kidogo, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Rukwama walipoingia nililisikia gurudumu. Lilikuwa pale kweli, ule uzito wa mzigo unaopandishwa mlima, unakwama, unakwenda. Mimi nimebeba magogo, naujua. Vijana mbele walikuwa wakigongana kwa mabega na nikahofia watauana, lakini mmoja alipoteleza wote walisimama palepale, wakamwinua, mtu akamtafutia kiatu chake, ndipo wakaendelea. Katika ibada zetu nimewahi kuona mtu akianguka na watu wakamruka. Nasema nilichokiona.

Mjukuu alikuwa amelala. Alikuwa amevalishwa vile vifuniko vikubwa vya masikio vya mafundi, amelala kwenye mapaja ya Mzee Wafula, mdomo wazi, katikati ya kelele ile yote. Ndanu aliniambia kwamba asipopigiwa ngoma hasinzii, kwa kuwa alilelewa tumboni mwake wakifanya mazoezi.

Kisha Mutua akapanda na wenzake. Gita alilolivaa lilikuwa la dukani, jeusi. Alipofungua kinywa, ile sauti ikatoka, na nikaona mishipa ya shingo yake, na nikaelewa kwamba si sauti ya shetani yeyote. Ni sauti ya mtu aliyesimama kwenye ua mikono mfukoni, asiseme neno, na sasa anasema. Hakunitazama hata mara moja. Kwenye wimbo wa mwisho alilivua gita, akapewa kipande cha ubao, akapiga magoti mbele ya kipaza sauti, akaanza kusugua. Chumba kizima kikanyamaza. Hata wachomeleaji chini walikuwa wamepumzika. Mara mbili, kutua, kurudi.

Jumapili asubuhi niliamka mapema, nikamuomba Ndanu msasa kutoka sanduku la kazi la Mutua, nikapanda na gunia langu hadi juu ya paa, palipo na matangi na kamba za nguo. Kutoka pande zote makanisa yalikuwa yameanza, kila moja na spika yake. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikakigeuza kigoda magotini, nikaanza kulisugua jina langu litoke. Sikuweza kumpa mtoto kiti kilichoandikwa jina lisilo lake. Na kukirudisha Wamunyu nilikotoka nacho ingekuwa ni kujiadhibu mimi kwa kumnyima yeye.

Nilikuwa kwenye herufi ya kwanza nilipoona miguu ya Mutua mbele yangu.

"Hapo unasugua kinyume," akasema.

Nikamwambia mikono haishiki tena kama zamani. Alichuchumaa, akakigeuza kigoda kuelekea jua, akasoma. Alisoma muda mrefu kwa neno fupi kama lile.

"Hukuambiwa?"

"Mwikali alisema nitamwona mwenyewe."

Akaguna. Akanichukulia msasa mkononi, taratibu, akaketi sakafuni, kigoda katikati ya magoti. Akaanza kusugua, mara mbili na kutua. Nikamwambia pale pale, kwa maneno machache, kwamba gita lile nilikuwa naweza kukataa kulitoa, na kwamba walinipa wiki nzima ya kufikiri na sikuitaka. Kwamba sikulichoma kwa ajili ya Mungu. Nililichoma kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Mkono wake haukusimama.

"Lilikuwa na kasoro moja," akasema. "Shingo. Nilikata nene sana. Nilikuwa nataka nikuulize vile ningepunguza."

Nikamwambia angetumia tupa ya nusu duara, kutoka juu kushuka. Akasema ndiyo, alikuja kujua baadaye. Kisha akapuliza vumbi. Jina langu lilikuwa limebaki kivuli tu.

"Si kukukomoa, baba," akasema. "Nilikaa na mtoto siku kadhaa bila jina. Nilikuwa nangojea uje."

Nikamwambia anishikie kigoda kisitikisike. Akakishika kwa magoti na mikono. Nikatoa kisu changu kidogo, na pale jina langu lilipokuwa nikachonga WAFULA. Herufi ya mwisho ilipinda, kwa sababu nilikuwa sioni vizuri, na Mutua akaniambia niiache hivyohivyo.

Mtoto alipopewa kigoda alikibeba moja kwa moja hadi ghorofa ya chini kumwonyesha babu yake. Sikuumia kama nilivyotarajia. Nilikwenda nyuma yake nikamkuta Mzee Wafula amekigeuza, anapitisha kidole kwenye herufi, miwani imemshuka. Aliniambia katika lugha yao neno ambalo hakulitafsiri, nami sikuuliza.

Saa nane Kyalo alinichukua mahali tulipoagana. Mutua alinisindikiza, akabeba gunia lililokuwa tupu. Akanipa kaseti. Kwenye ganda, chini ya mwandiko wa Mzee Wafula, aliandika kwa kalamu yake mwenyewe: Ya baba. Akasema huenda wakaja Krismasi, akimaliza kazi ya Syokimau. Alisema huenda.

Baada ya Mlolongo nilimwomba Kyalo aitoe ile kwaya. Alisimamisha gari, akachukua bisibisi, akahangaika nayo hadi ikatoka. Tukaiweka ya Mutua. Hadi Machakos Kyalo hakusema kitu isipokuwa mara moja, kwamba kijana anabweka vizuri. Ulipofika wimbo wa mwisho alipunguza mwendo.

"Hiyo ni msasa," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

Hayo ndiyo niliyokwenda kuyafanya Nairobi. Nilichojifunza ni kidogo. Nilijifunza kwamba muziki ule una kazi ndani yake, kazi ya mikono na ya kusubiri, na kwamba kuna mzee wa watu ambaye alimsikiliza mwanangu kila siku wakati mimi nilikuwa nangojea aombe msamaha. Anayetaka kuisikia kaseti aje kwa Kyalo, imo ndani ya gari na sasa haitoki.

Na mnaoniuliza kama sikupoteza kitu kwa kuwa tumepatana, jibu ni hili. Mutua ndiye mwana wangu wa kiume pekee. Mwikali ana mabinti wawili na amesema wanatosha. Kwetu jina la babu hupewa mjukuu wa kwanza, na akija mvulana wa pili, jina ni la upande wa mama. Niliitwa Nzioka kwa babu yangu, naye kwa wake. Nikifa, katika nyumba yangu hakuna mtu atakayeitwa hivyo.